SERIKALI MOJA YA DUNIA, NA MTU WA MANGUREDJIPA



Liko swali ambalo wenye vyuo na makongamano hupenda kulizungusha, nalo ni hili: je, yafaa wanadamu wote, weusi kwa weupe, matajiri kwa maskini, wawekwe chini ya serikali moja ya dunia nzima? Wengine watasema hilo ni swali la watu walioshiba, na kwamba mchimbaji anayeinama shimoni Bapere hana nafasi ya kulifikiria. Sisi twasema kinyume. Hakuna mtu anayehusika na swali hili zaidi ya mchimbaji huyo, kwa sababu tangu zamani mambo yake yameamuliwa mahali asipopajua, na watu wasiojua jina la kijiji chake.

Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, pale Ntoyo, kilomita chache tu kutoka hapa, watu walikaa kwenye matanga wakimlilia marehemu wao. ADF wakawaingilia. Waliouawa walipita 60. Kesho yake, barabarani na sokoni, tulisikia maneno ya namna mbili. Wa kwanza waliuliza: dunia iko wapi, mbona haiji? Wa pili walijibu kwa uchungu: dunia imekuja zamani, askari wake wako Kongo tangu mwaka 1999, mmeona nini? Tukiyatazama vizuri maneno hayo, yote mawili yanauliza jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kulishika leo.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaoitaka serikali hiyo, maana hoja yao si ya kuchezea. Ilipata nguvu kwa sababu ya jiwe lililotoka katika ardhi yetu. Uranium iliyochimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, kwa mikono ya Wakongo, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya madini ya bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wanaoihesabu historia ya bomu hilo hutaja majina ya wenye akili wa Marekani na Ulaya, wachimbaji hawatajwi. Baada ya siku ile Einstein na wenzake wakasema wazi kwamba mataifa hayawezi tena kuachwa kila moja na silaha zake na hasira zake. Lazima juu yao iwekwe serikali moja yenye sheria na nguvu ya kuitimiza sheria hiyo.

Mtu wa kijijini anaielewa hoja hii mara moja. Ikiwa kila nyumba ina mkuki wake, na hakuna mzee wa kuwaita wagomvi barazani, basi ugomvi wa mbuzi mmoja utamaliza koo mbili. Na sisi, kuliko wengi, twajua mahali pasipo na serikali pakoje. Mtu akipanda pikipiki kutoka Butembo kuja huku, anavuka vizuizi vya kila aina, na kila mwenye bunduki ana kodi yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba serikali ni kitu kibaya ni kumdhihaki. Anaitaka serikali. Anaitafuta.

Lakini, ndugu zangu, mkutano wa mataifa ulikwisha kutupangia mambo yetu zamani, kabla babu zetu hawajajua kwamba wanaitwa Wakongo. Mwaka 1884 mataifa 14 yalikutana Berlin, yakakaa mpaka Februari 1885. Hakuna Mwafrika wa Kongo aliyeketi pale. Maneno yalikuwa mazuri mno: biashara huru, kukomesha utumwa, kuwainua wenyeji. Mwisho wake, mataifa hayo yakaikubali bendera ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi hii mpaka anakufa. Kilichofuata ni mpira wa msituni, mateka na mikono iliyokatwa, mpaka mwaka 1908 alipoikabidhi nchi kwa Ubelgiji. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mataifa yote yakikubaliana, basi haki imepatikana. Berlin walikubaliana.

Tena tuje mwaka 1960. Uhuru ulikuwa na siku 12 tu wakati Kasavubu na Lumumba walipopeleka simu ya maandishi kwa Umoja wa Mataifa, tarehe 12 Julai, wakiomba msaada. Askari wa Ubelgiji walikuwa wameingia nchini, na jana yake Tshombe alikuwa ametangaza kwamba Katanga imejitenga. Kwa kweli dunia haikuchelewa. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama lilipitisha azimio, na kesho yake askari wa kwanza wakatua. Walifika karibu 20,000 baadaye, kutoka Ghana, Ethiopia, Tunisia, Ireland, India, Sweden na kwingineko. Tangu Umoja huo uanzishwe haukuwa umefanya kazi kubwa namna hiyo.

Lumumba alitaka jeshi hilo limsaidie kuirudisha Katanga. Akaambiwa kwamba jeshi la dunia haliingilii ugomvi wa ndani ya nchi. Tarehe 5 Septemba Kasavubu akamfukuza kazi. Askari wa Umoja wa Mataifa wakailinda nyumba yake asidhuriwe. Alipotoka mwenyewe mwishoni mwa Novemba kwenda kwa watu wake, ulinzi ukaisha. Alikamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa kule Katanga. Ndipo mwezi uliofuata, tarehe 21 Februari, Baraza lilipopata ujasiri wa kuruhusu nguvu itumike, na Katanga ikarudishwa Januari 1963. Yaani lile lililosemwa kwamba haliwezekani Agosti 1960 liliwezekana baada ya mtu kuzikwa, na hata kaburi hakupewa.

Hatusemi hivi ili kuwatukana waliokuja. Karibu watu 250 wa jeshi hilo walikufa katika nchi ambayo si yao. Hammarskjöld mwenyewe, Katibu Mkuu, alianguka na ndege karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Na huku kwetu Beni, pale Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, vijana wapatao 15 wa Tanzania waliuawa na ADF katika usiku mmoja. Mama zao wanalia kama mama wa Ntoyo. Ila shukrani ni kitu kimoja, na hesabu ni kitu kingine.

Hesabu ni hii. Hao tuwaitao ONU wamekuwa hapa miaka mingi kuliko umri wa wengi wanaosoma gazeti hili. Mwaka 2013 walipopewa kikosi chenye ruhusa ya kushambulia, cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, walilisaidia jeshi letu na M23 ikashindwa mwezi wa Novemba mwaka uleule. Kwa hiyo si kweli kwamba hawawezi kitu. Walipoamriwa kupigana walipigana. Lakini kuanzia Oktoba 2014 watu wa Beni wakachinjwa, kambi za askari hao zikiwa jirani, na Julai 2022 hasira ikalipuka Goma na Butembo. Wananchi wakafa, na askari na polisi wa kigeni wakafa. Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa sauti moja, bila hata mmoja kupinga, likaiamuru Rwanda iondoe majeshi yake katika Kongo. Azimio lina namba, 2773. Miezi ikapita, na wakimbizi wa Kivu bado wakalala chini ya turubai.

Amri bila mtekelezaji si serikali. Mtoto wa shule anajua hilo: mwalimu akitoa adhabu kisha akatoka darasani, darasa linaendelea kama lilivyokuwa.

Na kwa nini haitekelezwi? Kwa sababu Umoja wa Mataifa ulijengwa mwaka 1945 na washindi wa vita kwa manufaa ya washindi wa vita. Waafrika waliotia sahihi kule San Francisco walikuwa nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika Kusini ya wazungu. Wakubwa watano, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, wakajipa kura ya turufu, ambayo kwayo mmoja anaweza kuzuia yale ambayo wengine wote wameyakubali. Kongo ina watu zaidi ya milioni 100. Uingereza ina watu pungufu ya milioni 70. Mwenye turufu ni nani? Basi wale wa Ulaya na Marekani wanaohubiri bunge la dunia, tungependa kuwauliza jambo dogo. Je, katika bunge hilo vichwa vitahesabiwa? Maana vikihesabiwa, Waafrika na Waasia watajaa viti vyote vya mbele. Ukiuliza hivyo mahubiri hupoa.

Hayo ni ya bunduki na viti. Lakini mtu wa madini anatawaliwa na dunia kwa mlango mwingine, na hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo mfuko wetu ulipo.

Wazee wa Manguredjipa wanalikumbuka jina la MGL, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba katika Kivu. Mwaka 1976 makampuni ya namna hiyo yaliunganishwa kuwa SOMINKI, yenye machimbo ya kasiterite na dhahabu Kivu na Maniema. Basi wakati ule bei ya bati, ambayo ndiyo bei ya kasiterite, haikuachwa ovyo. Tangu mwaka 1956 palikuwa na Baraza la Kimataifa la Bati, lenye makao London, nchi zinazochimba upande mmoja na nchi zinazonunua upande wa pili. Zaire ilikuwa mwanachama. Bei ikishuka, baraza lilinunua bati na kuliweka ghalani; bei ikipanda, lilitoa na kuuza. Hiyo, ndugu zangu, ilikuwa serikali ya dunia, ndogo, ya kitu kimoja, nayo ilimlinda mchimbaji kwa karibu miaka 30.

Ikafa siku moja. Tarehe 24 Oktoba 1985 msimamizi wa ghala alitangaza kwamba fedha zimekwisha. Bati lilikuwa jingi mno duniani, nchi zisizo wanachama zilikuwa zinauza, na baraza lilikuwa limekopa kununua. Bei ikaanguka karibu nusu. SOMINKI haikupona pigo hilo. Wafanyakazi walioondolewa wakachukua sururu na karai, wakaingia shimoni kila mtu kwa mkono wake. Wengi wa wachimbaji wa leo ni watoto na wajukuu wa anguko lile, ingawa hawakupata kuambiwa. Na waliolidai baraza lile walipokwenda kortini Uingereza, mwaka 1989 majaji wakuu waliamua kwamba nchi wanachama hazidaiwi. Mdaiwa ni baraza lenyewe, nalo halina kitu. Nchi 22 zilikaa mezani kula, na sahani zilipovunjika hakupatikana hata mmoja wa kulipa.

Likumbukeni jambo hilo kila mtakapoambiwa kwamba chombo cha dunia ni cha wote.

Miaka 25 ikapita. Julai 2010 bunge la Marekani lilipitisha sheria, iitwayo Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaseme kama bati, koltani, wolframu au dhahabu yao imetoka Kongo au kwa jirani zake, na kama imewalisha wenye bunduki. Nia ilikuwa njema, hatusemi vinginevyo. Septemba ileile Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Na hata baada ya kufunguliwa, wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kutonunua kabisa kuliko kuuliza maswali. Mwenye duka la chumvi na sabuni katika mji wa machimbo anajua mwaka ule ulikuwaje. Nani huku alimpigia kura mbunge wa Washington? Hakuna. Sheria yake ilitufikia haraka kuliko sheria yoyote ya Kinshasa.

Tena liko Shirika la Fedha la Dunia, ambamo kura huhesabiwa kwa mfuko. Mambo makubwa huko yanahitaji kura 85 katika kila 100, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Pigeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo mtu akituuliza kama tunataka serikali ya dunia, tunamjibu kwamba tayari tunatawaliwa. Bei hutoka London, sheria hutoka Washington, askari huamriwa kutoka New York. Kinachokosekana ni kura yetu, na mahali pa kushtaki.

Na hapa kwenye kushtaki, kuna habari ambayo haikupewa uzito wake katika redio. Kongo ilizipeleka Uganda na Rwanda katika korti ya dunia kule The Hague kwa ajili ya vita vya miaka ile ya 1998 na kuendelea. Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya korti hiyo tangu zamani. Ikahukumiwa tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325, na katika hizo milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili iliyoporwa, dhahabu ikiwamo. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11, lakini hata hivyo hukumu ilitoka, na Septemba 2022 Uganda ililipa fungu la kwanza. Rwanda haikuwa imekubali mamlaka hayo. Tarehe 3 Februari 2006 korti ikasema haina uwezo wa kuisikiliza kesi. Mshtakiwa anasema silijui baraza lenu, anachukua fimbo yake anakwenda nyumbani! Ni mwami gani angetawala hata kilima kimoja namna hiyo?

Lakini tarehe 26 Juni 2025, pale Arusha, Korti ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyakataa mapingamizi ya Rwanda, ikasema kesi ya Kongo itasikilizwa. Rwanda ilikuwa imetia sahihi mkataba wa korti hiyo yenyewe, na sahihi imeishika. Mambo haya hayapigi kelele kama mikataba inayotiwa sahihi Washington mbele ya picha, lakini kwetu yana thamani zaidi. Wenyeji wa The Hague hawakutuwezea. Jirani wametuwezea, kwa sababu tulikubaliana mapema, kwa maandishi, kabla ya ugomvi kuwafikia majaji. Ila korti hiyo nayo ina ugonjwa wake. Mtu binafsi anaweza kushtaki pale kama nchi yake imetoa tamko la kumruhusu, na Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016, na Tanzania, mwenyeji wa korti, ikaliondoa lake mwaka 2019. Wakubwa wanapenda korti ya kuwashtaki wenzao. Ya kushtakiwa na raia hawaipendi.

Wapo watakaotuambia: basi dawa ni kuharakisha, tuvunje mipaka yote leo. Polepole. Mpaka una ubaya wake, tunaujua; ulichorwa bila kutuuliza, na pale Kasindi unamla mfanyabiashara kila siku. Lakini mpaka huohuo ndio uliowaokoa wengi. Vijiji vya Beni vilipowaka, watu walivuka wakaingia Uganda na watoto mgongoni. Ikiwa dunia nzima ni serikali moja, na serikali hiyo ikageuka kuwa Leopold, mtu atavukia wapi? Wanaoandika vitabu juu ya serikali ya dunia ni nadra kulijibu swali hili, labda kwa sababu hawakuwahi kukimbia usiku.

Sisi tunaiona njia ya Nyerere kuwa na akili zaidi. Mwaka 1960 alisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziungane kwanza. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litaundwa mwaka uleule. Halikuundwa. Kilichopatikana ni Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964, na kilichobaki kikawa Jumuiya ya mwaka 1967 iliyokufa mwaka 1977 kwa ugomvi wa reli, ndege na siasa. Ikafufuliwa. Mwaka 2022 Kongo ikaingia.

Na jumuiya hiyo ilitufanyia nini? Ilituletea kikosi Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023, Kinshasa ikisema hakikupigana. Hatutaficha aibu hiyo. Lakini Arusha liko bunge ambamo kila nchi ina wabunge 9, Kongo 9, Rwanda 9, na hakuna mwenye turufu kama ya New York. Wabunge hao huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, si na wananchi. Muda wa hawa wa sasa unaishia Desemba 2027. Mtu wa Manguredjipa ambaye hawezi kuyataja hata majina mawili ya wale 9 wanaomsemea Arusha, tunamshauri aanze hapo kabla hajaambiwa habari za bunge la wanadamu wote. Awaulize wamesema nini juu ya Ntoyo. Awaulize kwa nini dhahabu ya Bapere inavuka mpaka kwa siri ndani ya jumuiya iliyo na soko moja, ikaonekana upande wa pili kuwa ni mali ya nchi nyingine. Mbunge wa jimbo akija kuomba kura aulizwe hayo hadharani, mbele ya watu, na majibu yake tutayachapa katika gazeti hili, kama atakuwa nayo.